Swichi tatu, globu moja na vifaranga wa mama

Watu kadhaa wameniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye karakana pale Uyole, Mbeya, siku ya kuwaaga vijana waliomaliza mafunzo ya umeme wa majumbani. Sikuwa na karatasi siku ile, hivyo naandika kutoka kichwani, na pale mvua ilipopiga bati tukashindwa kusikilizana nimeparuka tu.

Shikamooni wazazi. Vijana mambo vipi. Ugonile kwa wa hapa na wa Rungwe, kamwene kwa wale mliopanda basi la alfajiri kutoka Iringa, nawaona mnatetemeka utafikiri kwenu hakuna baridi.

Mwalimu wenu alinipigia akasema fundi uje uongee na vijana kuhusu nidhamu ya kazi na kujiwekea akiba. Sasa hayo leo mtaambiwa na kila atakayeshika hii maiki mpaka mchoke, na mgeni rasmi bado hajafika, kwa hiyo mi nimekuja na fumbo. Nipeni muda kidogo.

Kuna chumba. Hakina dirisha, mlango umefungwa, na chini ya mlango wameziba hakuna hata uwazi wa kupitisha wembe. Ndani inaning'inia globu moja, ile ya zamani yenye uzi, wati 60. Nje ukutani kuna swichi tatu zimepangana na zote zimezimwa. Moja kati ya hizo ndo inawasha ile globu, mbili zilizobaki haziendi popote, fundi alizipachika akalipwa hela yake akasepa, mafundi wa hivyo tunawajua. Unaruhusiwa kuzichezea hizo swichi utakavyo, washa zima washa zima, muda wote unaotaka. Ila mlango unaufungua mara moja tu, na ukishaufungua swichi huzigusi tena. Niambie, swichi ya globu ni ipi?

(Hapa nikawaacha waongee. Kijana mmoja wa nyuma akasema fundi we mtume mdogo wako aingie ndani awe anapiga kelele. Mwingine akasema piga simu ya video uiache ndani, nikamuuliza utaiwekaje ndani bila kufungua mlango, watu wakacheka. Mmoja mwenye koti la bluu akasema afungue swichi zote kwa bisibisi apime na testa. Huyo nilimpenda.)

Huyu wa testa kajibu kama fundi na kazini ndo nitakachofanya mimi. Kwanza kazini hatuna shida hiyo maana Mungu ametupa saidia fundi, unamweka ndani unasema washa, anajibu bado, unasema na hii, anajibu imewaka fundi, mmemaliza mmekwenda kunywa chai. Lakini hili ni fumbo, na fumbo limekunyima saidia fundi makusudi ili uiangalie globu vizuri zaidi kuliko unavyoiangaliaga.

Tuhesabu kwanza kabla ya kubahatisha. Swichi ziko tatu, kwa hiyo majibu yanayowezekana ni matatu. Ukifungua mlango globu inakuambia kitu kimoja kati ya viwili, nimewaka au nimezimika. Majibu mawili hayawezi kutenganisha vitu vitatu hata ufanyeje. Ukiwasha swichi ya kwanza ukaingia ukakuta imewaka, sawa umepata, ila ukikuta imezimika bado zimebaki mbili na mlango ndo umeshautumia. Kwa hiyo kama fumbo lina jibu basi lazima globu iwe na kitu cha tatu cha kukuambia, lazima, hiyo ni hesabu wala sio ujanja. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaendelea kuzungusha swichi kichwani, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, wakati shida haipo kwenye swichi. Ipo ndani ya chumba.

Sasa niwaambie kuhusu mama.

Mama yangu alikuwa anafuga kuku hapahapa Uyole na shule aliishia darasa la nne. Mwezi wa sita na wa saba mnajua wenyewe baridi la huku linavyokuwa, asubuhi majani yana barafu nyeupe kwa juu, kifaranga wa siku mbili hamalizi usiku bila joto. Kwa hiyo vifaranga aliwaweka kwenye boksi kubwa la kadibodi chini ametandaza pumba, juu ananing'iniza globu ya wati 100, akifunika nusu kwa gunia. Wafugaji mliopo hapa mnacheka kwa sababu na nyie mmefanya hivyo. Globu ya uzi bwana ni jiko lililojifanya taa. Umeme wote unaoingia pale, zaidi ya 90 kwa 100 unatoka kama joto, mwanga ni kile kidogo kilichobaki. Ule uzi wa tangisteni ndani unafika kama nyuzijoto 2,500, na kioo kinachouzunguka kinapata moto wa kutosha kukubabua vidole.

Mama akiamka usiku kwenda kuangalia vifaranga, akikuta globu inawaka anarudi kulala. Ila akikuta giza alikuwa hapapasi swichi wala haulizi umeme upo au haupo, anaingiza mkono kwanza kwenye globu, anagusa kwa mgongo wa vidole hivi, haraka, kama mtu anayeangalia pasi. Globu ikiwa ya moto anasema umekatika sasa hivi, tusubiri kidogo. Ikiwa vuguvugu anaanza kuwasha jiko la mkaa. Ikiwa ya baridi alikuwa hasemi kitu, anakaa kimya anavuta gunia na kuanza kuhesabu waliobaki.

Mi nlikuwa mdogo nimeshika kibatari nyuma yake. Miaka kibao baadae mtu ananiuliza hili fumbo la swichi tatu kwenye kijiwe cha mafundi pale Mwanjelwa, wenzangu wanakuna vichwa, mi nikaona mkono wa mama unaingia kwenye boksi.

Globu inakumbuka bwana. Ikizimwa haisahau hapohapo kwamba ilikuwa imewaka, inabaki nayo kwenye kioo kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo unafanya hivi. Washa swichi ya kwanza, iache dakika 10, nenda kaongee na jirani. Ukirudi izime, washa ya pili, halafu fungua mlango haraka uingie. Globu inawaka, basi ni ya pili. Imezimika na ukigusa ni ya moto, ni ya kwanza, maana hiyo ndo ilikuwa inaipasha. Imezimika na ni ya baridi, ni ya tatu ambayo hukuigusa kabisa. Majibu matatu kwa swichi tatu, imetosha, hakuna kilichozidi.

Au kimezidi? Hapa ndo nlitaka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wakishapata hilo jibu wanapiga makofi wanaondoka na hawaoni kwamba wamebakiza hela mezani. Angalia tena. Globu inaweza kuwa imewaka au imezimika, na inaweza kuwa ya moto au ya baridi. Mbili mara mbili, nne. Sisi tumetumia matatu tu! Kuna moja hatujaligusa, imewaka halafu ya baridi. Inawezekana? Inawezekana kama imewashwa sasa hivi tu, uzi umeshafikia joto lake ndani ya kufumba na kufumbua lakini kioo bado hakijapata habari. Kwa hiyo kwa mlango uleule mmoja unaweza kumaliza swichi NNE. Washa ya kwanza na ya pili, dakika 10. Zima ya kwanza, ya pili iache iendelee. Sasa simama mlangoni, washa ya tatu na uingie hapohapo ukimbilie globu. Inawaka na moto, ni ya pili. Inawaka ila kioo bado cha baridi, ya tatu. Imezimika na moto, ya kwanza. Imezimika baridi, ya nne. Ila lazima uwe mwepesi, hiyo ya tatu ukizubaa sekunde kadhaa inakudanganya.

(Hapa dada mmoja aliyekuwa amekaa mbele kabisa na daftari akanyoosha mkono, akasema fundi mbona mama yako alikuwa na vuguvugu. Niseme ukweli nilinyamaza. Nimekuwa nikiwaambia watu hili fumbo miaka mingi na hiyo ya vuguvugu ilikuwa mdomoni mwangu muda wote sikuwahi kuitumia.)

Ni kweli kabisa dada, andika hiyo. Ukiwasha swichi moja ya ziada mwanzoni, ukaizima mapema uache globu ipoe nusunusu kabla hujaingia, unapata jibu la tano, imezimika na ina vuguvugu. Swichi tano mlango mmoja. Ila sasa tunaanza kutegemea mkono wa mtu, na mkono wa mama yangu na mkono wako sio sawa.

Najua kuna mtu anataka kuuliza kuhusu taa za LED, maana hizi globu za uzi siku hizi madukani zinapungua na anayezitafuta mara nyingi ni wa vifaranga. LED ya wati 9 inatoa mwanga kama wa globu ya uzi ya wati 60, maana yake hizo wati nyingine zote zilikuwa zinapasha hewa na mita ya LUKU inazihesabu kama kawaida. Kwa fumbo letu LED inaharibu mchezo. Kioo chake, tena mara nyingi ni plastiki, hakipati moto wa maana, joto lake lipo chini kwenye shingo ambako kuna vifaa vya kubadilisha umeme. Kwa hiyo usiguse kichwa, gusa shingo, utapata kitu ila kidogo. Na LED ina fumbo lake lingine ambalo wateja wataniletea mimi na wewe, umezima swichi lakini taa inabaki na kamwanga kama kimulimuli usiku kucha, mteja anasema nyumba ina mashetani. Angalia kwanza kama swichi ina kile kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo, kile kinapitisha umeme kidogo. Kama hakipo, angalia kama aliyefunga ameikatia swichi kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Hilo la pili sio la kucheka, maana hapo taa imezimika lakini kwenye holda moto upo, volti 230 zinakusubiri, mtu anapanda kwenye stuli kubadilisha globu akiamini amezima. Pima kila holda. Kwa testa unayoiamini.

Sasa hili la kuhesabu majibu kabla ya kugusa waya limenilisha. Niliitwa gesti moja Iringa mjini, sitaitaja, kule kwenye miteremko, nyumba ya ghorofa moja. Mwenye gesti analalamika taa ya ngazi ina akili zake. Kuna swichi chini kuna swichi juu. Wageni usiku wanapapasa ukuta mpaka wanatukana. Fundi aliyepita kabla yangu alikuwa amebadilisha globu mara tatu, na swichi mbili, na akalipwa mara zote.

Sikufungua kitu. Nilichukua kipande cha chaki nikachora kwenye sakafu ya simenti jedwali la safu mbili, swichi ya chini na swichi ya juu. Halafu nikamwambia kijana wangu panda, tukajaribu zote nne. Zote zimezimwa, giza. Ya chini tu imewashwa, giza. Ya juu tu, giza. Zote mbili zimewashwa, mwanga. Mara moja kati ya nne. Hapo hata usiponiambia najua ukutani kukoje, swichi mbili za kawaida zimefuatana kwenye waya mmoja, umeme lazima upite hii na hii. Mgeni wa chini akizima, wa juu hata abonyeze mpaka asubuhi hapati kitu.

Mwenye gesti akasema si uziweke sambamba basi kila moja iwashe yenyewe. Nikamchorea na hiyo. Sambamba inawaka mara tatu kati ya nne, hii au hii au zote. Hapo kuwasha ni rahisi ila kuzima ndo balaa, umewasha chini umepanda juu, hauwezi kuzima mpaka ushuke tena. Analipa LUKU usiku kucha.

Anachotaka ni mara mbili kati ya nne, tena kwa mpangilio kwamba ukigusa yoyote, popote ulipo, hali inageuka. Giza liwe mwanga, mwanga uwe giza. Hiyo huipati kwa swichi ya kawaida yenye ncha mbili, unahitaji zile za tuwei zenye ncha tatu. Moto unaingia kwenye komoni, ile ncha ya pamoja, ya swichi ya chini, waya mbili zinapanda mpaka swichi ya juu, na komoni ya juu inaenda kwenye globu. Swichi zote mbili zikichagua waya uleule, taa inawaka. Zikichagua tofauti, giza. Basi. Nilimaliza kabla ya jua kuzama, na kazi kubwa ilikuwa kupitisha ule waya wa pili kwenye bomba ambalo mwenzangu alilibana.

Kama ni korido ndefu na mteja anataka swichi ya tatu katikati, hapo unaongeza intamidieti yenye ncha nne, kazi yake kuzipishanisha zile waya mbili. Hali za swichi zinakuwa nane, zinazowaka nne. Chora zote nane, usione uvivu.

Hii michoro ya chaki mnaweza kuona ni mambo ya vijiweni lakini ina wazee wake. Mwaka 1854 Mwingereza mmoja anaitwa George Boole alitoa kitabu cha kuhesabu mawazo, ndiyo na hapana, na, au, kwa alama kama za aljebra. Ikakaa hivyo kama vitu vya wanafalsafa. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, umri miaka 21, akaandika kwenye kazi yake ya shahada ya pili pale chuo cha MIT, Marekani, kwamba hesabu za Boole ndo hizihizi za swichi. Swichi mbili zilizofuatana ni "na". Sambamba ni "au". Na ile ya ngazi ya gesti ni "zikikubaliana ndiyo, zikitofautiana hapana". Simu zote mlizoshika hapo mnanirekodi zimejaa swichi za aina hiyo, mabilioni, ndogo kiasi kwamba hata ukizifungua hauzioni. Ila anayezipanga anachora mchoro wa ndiyo na hapana kama mimi na chaki yangu. Tofauti ni mshahara.

Nimeona mgeni rasmi ameingia, karibu sana mheshimiwa, namalizia.

Kwenye hii mbao nimefunga globu mbili kwa kufuatana, moja wati 100, nyingine wati 40. Kabla sijawasha, ipi itawaka zaidi? Nyoosheni mikono. Ya 100? Naona karibu ukumbi mzima, hata mwalimu. Ya 40? Wanne, na yule dada wa daftari. Haya.

(Nikawasha. Ya 40 ikawaka rangi ya machungwa, ya 100 ikabaki na kauzi kekundu tu kama kaa la mwisho jikoni. Kelele zilizopigwa mpaka mlinzi akachungulia.)

Zikifuatana mkondo ni mmoja kwa wote, kinachogombaniwa ni volti, na volti inakwenda kwa mwenye ukinzani mkubwa, yaani anayeubania umeme zaidi. Globu ya wati 40 ndo ina ukinzani mkubwa, ndo maana ikiwa peke yake inakula kidogo. Kwa hesabu ya ubaoni, ya 40 inachukua kama volti 164, ya 100 inabaki na 66. Na kwa kuwa ya 100 haijapata moto vizuri ukinzani wake unashuka zaidi, inazidi kunyang'anywa. Uzi wa baridi una ukinzani mdogo mara 10 au zaidi kuliko ukiwa umewaka, ndo sababu globu nyingi hufa paa! pale unapobonyeza swichi, sio zikiwa zimetulia zinawaka.

Boksi lile la bluu pale mlangoni nimewaachia. Ndani kuna globu moja ya wati 60, nje kuna swichi tano, na hata mwalimu hajui ipi ni ipi. Kifuniko kinafunguka mara moja kwa kila kikundi, mkikosa mnakwenda nyuma ya foleni. Kugusa ni kwa mgongo wa vidole na ni kioo tu, holda mtu asisogelee, na yule dada wa daftari aanze yeye.